Staa, Leseni Hiyo Uliipata Kwenye Usukani au Kwenye Bahasha?

Kuna klipu inazunguka mjini na wengi mmeshaiona. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, yuko ndani ya ndinga yake mpya, ile Harrier ambayo mtaani inaitwa tako la nyani. Mkono wa kulia uko kwenye usukani na saa ya bei mbaya inang'aa. Mkono wa kushoto umeshika simu. Wimbo wake mwenyewe unagonga mpaka vioo vinatetemeka. Yuko laivu, anapiga stori na mashabiki huku gari linatembea. Shabiki mmoja anamuuliza alijifunza lini kuendesha, maana juzi juzi tu alikuwa anaendeshwa na meneja wake kila anakokwenda.

Jamaa akacheka mpaka magego yakaonekana. Akajibu eti yeye hana muda wa kukaa kwenye benchi na watoto wa shule ya udereva aulizwe maana ya kibao cha pembe tatu. Leseni ilimfuata nyumbani. "Kuna watu wa kupanga foleni na kuna watu wa kupigiwa simu," akasema, halafu akaibusu kadi yake mbele ya kamera.

Komenti zikamiminika. Vikopa, moto, mataji ya kifalme. "Maisha ni koneksheni." "Baba lao." "Sisi wengine tutakufa tunakariri alama za barabarani." Basi ikawa sifa. Kijana mzima anajigamba mbele ya maelfu ya watu kwamba hajawahi kufanya mtihani wa udereva, na hao maelfu wanampigia makofi.

Na wala hayuko peke yake. Yupo mrembo mmoja wa mitandaoni, anauza mafuta ya kulainisha ngozi, ambaye alizawadiwa gari siku ya bethidei yake. Jumatatu alibandika kibao cha L nyuma ya gari na kupiga nacho picha kama ishirini. Alhamisi kibao hakipo, leseni ipo. Siku tatu! Kuna watu siku tatu hawajajua hata kurekebisha kiti. Wiki iliyofuata akaparamia geti la jirani yake, akaposti bampa lililobonyea na kuandika chini yake, "Mitihani ya maisha haiishi." Mtihani wa maisha anaujua. Ule wa udereva, ambao ungemwambia kuwa kisigino cha inchi sita na pedeli ya breki haviendani, huo hakuusikia.

Tuseme wazi kinachofanyika hapa, maana mitandaoni lugha inapambwa sana. Kwa Tanzania, njia ya kupata leseni inajulikana. Unaingia shule ya udereva iliyosajiliwa, unakuwa na leseni ya kujifunzia, unaendesha ukiwa na mwalimu pembeni na alama ya L kwenye gari. Ukiiva, unakwenda mbele ya askari wa usalama barabarani, unaulizwa maswali, unaendesha naye akikuangalia. Ukifaulu, makaratasi yako yanakwenda Mamlaka ya Mapato, unapigwa picha, unachukuliwa alama za vidole, unalipia. Ada ya leseni ni shilingi 70,000 na inadumu miaka mitano. Mwenye daraja D anaruhusiwa gari dogo la binafsi, si daladala wala lori. Hiyo ndiyo njia. Anayesema leseni "ilimfuata nyumbani" anamaanisha kipande cha katikati, kile cha kukaa na askari kwenye gari na kuonyesha unachokijua, kimerukwa. Kadi ni ya kweli, picha ni yake, jina ni lake. Kilichokosekana ni udereva tu.

Na aliyeruka kipande hicho hakukiruka bure. Kuna kishoka amekula, kuna mtu ndani amefumba macho. Chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, anayetoa na anayepokea wote wana kesi. Kwa hiyo jamaa kwenye klipu, akidhani anajisifu, alikuwa anatoa ushahidi dhidi yake mwenyewe, tena laivu. Mjini akili nyingi.

Sasa mashabiki wana majibu yao, na majibu hayo yanajirudia kila sehemu. La kwanza ni hili: gari la siku hizi ni otomatiki, ya nini kuteseka na klachi? Wanasema shule za udereva zinakufundishia kwenye gari bovu la manyuali, lenye gia ngumu kama mlango wa gereji, halafu ukimaliza unakwenda kununua IST iliyotoka Japani ambayo kazi yako ni kukanyaga na kuachia.

Hoja hiyo ingekuwa na maana kama mtihani ungekuwa wa mguu wa kushoto. Muulize yeyote aliyefeli kihalali, atakuambia kilichomfelisha. Mara chache sana utasikia klachi peke yake. Utasikia: sikuangalia kioo kabla ya kutoka. Niliwasha indiketa nikiwa nimeshaanza kukata kona. Niliingia kwenye kipilefti wakati kulia kwangu kuna gari limeshaingia. Nilisimama juu ya mistari ya zebra badala ya kabla yake. Afande aliniambia nipaki kushoto nikasimama mbele ya geti la watu. Yote hayo ni macho na akili, na hakuna otomatiki inayokuangalizia kioo. Tena otomatiki ndiyo inampa mtu kiburi haraka, kwa sababu gari linatembea hata ukiwa hujui. Manyuali angalau lina adabu. Usipojua, linazima.

Jibu la pili: mtihani wenyewe ni mchezo tu, udereva utajifunzia barabarani.

Barabarani kwa nani? Barabara ya Morogoro saa moja asubuhi, mwendokasi zinapita katikati, bodaboda zinachomoka kushoto na kulia, mama kabeba beseni la ndizi anavuka na mtoto mgongoni, na wewe uko hapo unajifunza? Ukijifunzia barabarani, anayelipa ada ni mwingine. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2023 lilisema watu wapatao milioni 1.19 wanakufa kwa ajali za barabarani kila mwaka duniani, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kitu kinachoua zaidi ya hicho. Soma tena hiyo miaka. Ni umri wa karibu kila mtu aliyeweka kikopa chini ya klipu ile. Na zaidi ya nusu ya wanaokufa hawakuwa ndani ya gari kabisa: ni watembea kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Staa ana mkanda na mifuko ya hewa. Muuza ndizi ana beseni.

Jibu la tatu ndilo zito, na halitakiwi kurukwa. Wanasema: bila kutoa kitu hupasi, mwanangu, utaenda mara tano. Wapo waliopitia hayo na hasira yao ni ya haki. Zipo sehemu mtu anazungushwa, leo afande hayupo, kesho gari la mtihani halina mafuta, keshokutwa karatasi haionekani, mpaka achoke. Nje ya geti kishoka anasubiri kama fisi, anajua saa ya kuchoka kwako kuliko wewe. Na zipo shule ambazo hazimfundishi mtu kuendesha, zinamfundisha kukariri njia ya mtihani. Hapa unakata kushoto, kwenye mwembe unapunguza gia, kwenye duka la bluu unasimama. Siku afande akibadilisha njia, mwanafunzi anabaki kama kapandishwa ndege.

Lakini angalia nani anaitumia hoja hiyo. Kijana anayeomba likizo ya siku moja kwa mhindi wake kwenda kwenye mtihani, akizungushwa mara tatu anapoteza kazi. Huyo akilalamika asikilizwe. Staa ambaye akikohoa habari inafika Mwanza kabla hajafunga mdomo, anazungushwa na nani? Angekaa kwenye lile benchi siku moja tu, akaombwa hela, akaipigia TAKUKURU namba 113 ambayo ni bure, halafu akaenda laivu kueleza, angekuwa amewafanyia watu kazi ambayo hakuna wimbo wake umewahi kuifanya. Badala yake kalipa, halafu kawacheka wanaozungushwa. Kila staa akilipa, bei ya kishoka inapanda, na anayeshindwa kuilipa ni yule wa kwenye benchi.

Hebu sasa tuache mastaa kidogo, tuje Tabata.

Kuna dada wa kazi ana miaka ishirini na tatu, mwenyeji wa Singida, anakaa na familia moja yenye watoto wawili. Mama wa nyumba ni nesi, anaingia zamu usiku na mchana. Basi la shule lilipopandisha nauli, mama mwenye nyumba akapiga hesabu, akaona bora amlipie dada shule ya udereva ili IST iliyolala uani ipeleke watoto shule. Dada hajawahi kushika usukani hata wa tolori. Akakubali huku anatetemeka.

Shule yenyewe ilikuwa kama shule zetu. Wanafunzi wanne kwenye gari moja, kila mtu anapewa kama dakika kumi na tano, muda uliobaki unakaa nyuma unasikiliza joto. Wenzake walikuwa wanachezea simu. Yeye aligundua kwamba siti ya nyuma nayo ni darasa. Kila mwenzake akikosea, anahesabu kimoyomoyo: huyu hajaangalia kioo, huyu kabadilisha gia huku anaangalia chini, huyu kaogopa daladala kamwachia njia ambayo ni yake. Baada ya wiki mbili alikuwa anajua makosa ya watu wote wanne, yake yakiwemo.

Kingine alichogundua ni breki ya mwalimu. Magari mengi ya shule yana breki ya pili upande wa mwalimu, na mwalimu mwenye huruma anaikanyaga kabla mwanafunzi hajachelewa. Mwanafunzi anashuka anajiona dereva, kumbe aliyesimamisha gari ni mwingine. Dada akamwambia, "Mwalimu, leo naomba usinisaidie mpaka niombe." Mwalimu akamwangalia, akacheka, akakunja miguu. Siku hiyo aligonga ndoo mbili na kuzima gari mara tisa. Ndiyo siku aliyojifunza zaidi.

Akaomba pia wasiende kila siku ile barabara ya vumbi ya Jumapili isiyo na magari. Aliomba foleni ya jioni. Aliomba kipilefti chenye fujo. Mvua iliponyesha wenzake wakasema leo tupumzike, yeye akasema leo ndiyo siku, kwa sababu watoto wanakwenda shule hata mvua ikinyesha.

Nyumbani usiku, watoto wakishakula, alikuwa anapanga kandambili tatu sakafuni. Ya kushoto klachi, ya katikati breki, ya kulia mafuta. Mfuniko wa sufuria kubwa ukawa usukani. Mtoto mkubwa, wa darasa la tatu, akajipa uafande. Anakaa kwenye kiti pembeni, kavaa kofia ya baba yake, kakunja uso. "Mbona hujafunga mkanda?" "Samahani afande." "Mbona hujaangalia kioo? Shuka!" Mdogo yeye alikuwa honi. Yaani kwa wiki tatu sebule ile ilikuwa barabara ya Mandela.

Siku ya mtihani akavaa viatu bapa, akalala mapema, akafika kabla geti halijafunguliwa. Kwa afande akaingia na "Shikamoo afande," akaitikiwa "Marahaba, kaa." Alama za barabarani akajibu zote. Pembe tatu yenye ukingo mwekundu ni onyo, duara lenye ukingo mwekundu ni katazo, ya pembe nane ni simama kabisa, hata kama hakuna gari. Rivasi kati ya nguzo akapita bila kugusa kitu. Halafu wakafika kwenye kilima. Wala si mlima, ni mpando tu wa kawaida. Afande akasema, "Simama hapa. Sasa ondoka."

Gari likarudi nyuma.

Akakanyaga breki, likazima. Akawasha, likarudi tena, safari hii zaidi. Handibreki iko hapo pembeni ya kiti, hata hakuikumbuka. Afande hakufoka. Alivuta handibreki mwenyewe, akauliza, "Binti, nyuma yetu angekuwepo bodaboda na abiria?" Dada akajibu, "Ningewagonga, afande." "Haya. Nenda kajifunze, urudi."

Nje kishoka alishamwona anavyofuta macho. "Dada'angu mbona unajitesa? Wewe unajua kuendesha bwana, ni kilima tu kile. Dar kuna milima gani? Toa kidogo, kesho kutwa unakuja kupiga picha." Na ukweli usemwe, alisita. Hela alikuwa nayo, ilikuwa ya kutuma kwa mama yake. Aibu ya kurudi nyumbani na kumwambia afande wa darasa la tatu kwamba kafeli ilikuwa kubwa kuliko hela. Akampigia mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa ndio katoka zamu kwenye wodi ya majeruhi. Yule mama alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, hao watakaokaa nyuma ni wanangu. Rudi shule, nitaongeza wiki."

Akaongeza wiki. Wiki nzima ni kilima tu. Vuta handibreki. Weka gia namba moja. Achia klachi taratibu mpaka sauti ya injini ibadilike na pua ya gari iinuke kidogo. Ongeza mafuta kidogo. Angalia kioo. Ndipo uachie handibreki. Mwalimu aliweka chupa ya maji nyuma ya tairi, akamwambia ikipasuka unanunua soda ya wote. Siku ya kwanza alinunua soda. Siku ya nne hakuna chupa iliyopasuka. Aliporudi kwenye mtihani, afande alikuwa yuleyule na kilima kilekile. Likapanda kama linavutwa na kamba. Afande akaandika, hakusema kitu, akamwita mwingine. Hakuna kamera, hakuna keki. Alipita sokoni akanunua mboga.

Ndiyo maana ile sentensi ya "watu wa kupanga foleni" inakera. Kwenye ile foleni ndiko walikokaa madereva. Na tena, kufeli ambako mastaa wanakuona ni aibu, kwa dada yule kulikuwa na faida kuliko kufaulu. Angepasi kwa bahati siku ya kwanza, hicho kilima angekikuta siku nyingine na watoto wawili nyuma na bodaboda kweli, tena bila afande wa kuvuta handibreki.

Kwa haki, yupo mama mmoja wa Bongo Movie, mkongwe, wa kuheshimika, naye jina kapuni ingawa huyu angestahili litajwe. Alifeli mara mbili na akaposti kwamba kafeli mara mbili. Aliandika kwamba rivasi imemshinda na kwamba mwalimu wake ni kijana wa umri wa mwanae wa mwisho anayemfokea. Komenti zilikuwa chache mno. Waliokomenti wengi walimcheka, mmoja akamwambia, "Mama, si utoe tu hela umalize." Hakujibu. Ilimchukua muda, akapata. Hiyo nayo haikuwa kiki, ikapita kimya. Mnampa mtu taji kwa kununua, mnamcheka mtu kwa kujifunza, halafu kila ajali ikitokea mnaandika "madereva wa Bongo bwana."

Na kwa wanaodhani hasara ni ya muuza ndizi tu: siku ukigonga, swali la kwanza ni leseni, la pili ni bima. Ikibainika leseni ilipatikana kwa ujanja, kampuni ya bima inaweza kugoma kulipa, na kesi ya kugonga inabebana na kesi ya rushwa. Meneja hapigiwi simu mahabusu. Wale wa vikopa hawaji na mdhamini.

Rudini sasa kwenye ile klipu, maana watu wameangalia saa na kadi, hawajaangalia barabara. Hakuna anayelazimishwa kuamini, iangalieni wenyewe. Jua bado lipo, ni ile saa wanafunzi wa shule za msingi wanatoka. Jamaa anaposema maneno ya kibao cha pembe tatu, macho yake yako kwenye simu anasoma komenti. Anacheka, anasoma tena. Gari la kilomita 60 kwa saa linakata karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde tatu za kusoma komenti ni mita 50, nusu ya uwanja wa mpira, bila kuona. Na kwenye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50, kwa hiyo hata hiyo 60 ni kosa tayari.

Kupitia kioo cha kushoto, nyuma ya bega lake, kinapita kibao. Pembe tatu, ukingo mwekundu, ndani wamechorwa watoto wawili wanakimbia. Halafu inafuata zebra. Pembeni ya zebra wamesimama wanafunzi watatu, sare za bluu na nyeupe, mmoja kashatanguliza mguu barabarani. Mkubwa wao anamvuta mkoba kwa nyuma. Gari halipunguzi. Yote hayo yanachukua chini ya sekunde mbili, na jamaa yuko katikati ya kucheka.

Chini ya klipu kuna komenti moja tu iliyoliona hilo. Mtu kaandika, "Kaka, umewaona wale watoto?" Imepata kopa moja. Jibu la staa lipo hapohapo: emoji ya kucheka, na namba ya kununulia tiketi za shoo.

Tabata, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, IST ya rangi ya fedha inatoka kwa rivasi kwenye geti. Inasimama kabla ya kugusa barabara. Siti ya nyuma kuna watoto wawili wamefungwa mikanda, na yule mkubwa ameinama mbele anauliza kwa sauti ya uafande, "Umeangalia kioo?"

"Nimeangalia, afande."

"Na kile kingine?"